Chai Nayo Ni Maji

Juzi alikuja mwanamke kijana hapa kwangu, uso umemvimba mpaka macho yamebaki kama mistari miwili. Hata kukaa hajakaa, akaniuliza, "Mama, ni kweli wewe uliugua hivi ukapona? Daktari ameniambia nipunguze maji. Sasa chai nayo ni maji?"

Nilimkalisha nikamwambia yote niliyokumbuka. Alipoondoka nikaona ni heri nisimulie tena, polepole, kwa ajili ya wengine. Mambo ya dawa siyajui. Najua tu jinsi ilivyokuwa kulala pale, na kiu.

Sisi ni watu wa Musoma mjini. Mume wangu Shabani ni fundi cherehani. Mimi nilikuwaga napika uji na chai asubuhi, nauzia abiria wa meli pale gatini. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, watu wake walitoka upande wa Ujiji. Mama yangu alikuwa Mzanaki wa Butiama. Alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake anayeitwa Nyangeta, na huyo mpaka leo namwita mama.

Ugonjwa ulinishika baada ya vita, miaka ile vijana waliorudi kutoka Burma bado walikuwa wanatembea na makoti yao ya jeshi hata kwenye jua kali. Msimu wa kuuza pamba ulikuwa unaisha. Shabani alikuwa amebeba cherehani yake kwenda Bunda, amekaa Manyamanyama, kwa sababu wakulima wakishauza pamba wanataka nguo mpya. Nilibaki nyumbani na binti yetu Zena, ambaye alikuwa bado ananyonya na ndiyo kwanza anaanza kutambaa.

Ilianza usoni. Niliamka nikajitazama kwenye kioo nikaona mtu mwingine, mnene, mwenye usingizi. Kufika saa za adhuhuri ule uvimbe ukashuka, nikasahau. Kesho yake ukarudi. Baadaye ukashuka miguuni ukakaa. Nikibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki, nalitazama likijaa taratibu kama nyayo kwenye matope ya ziwa. Bangili zikagoma kuzunguka mkononi. Mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Majirani walisema nina mimba nyingine. Zena alikuwa ananyonya, anaachia, ananitazama, analia.

Nilimtuma dereva wa lori salamu mpaka Butiama, na mama Nyangeta akaja. Alinitazama mara moja tu mlangoni.

"Mwanangu, huu si unene," alisema. "Twende hospitali."

Tulikaa barazani pale hospitali tangu asubuhi. Nakumbuka sakafu ya saruji ilikuwa baridi, nikavua viatu, nikaweka nyayo zangu nzito juu yake nikaona raha. Kulikuwa na mtu aliyejikata na panga, na mama wa Majita aliyekuwa anamwimbia mtoto wake wimbo uleule bila kuchoka. Mimi nilisinzia. Kila nikifumbua macho kivuli cha nguzo kilikuwa kimesogea, na mama Nyangeta alikuwa bado ananipepea kwa ncha ya kanga.

Daktari alikuwa Mhindi mwenye sauti ndogo. Alichukua mkojo wangu ndani ya kichupa akauchemsha juu ya moto, mbele yangu, ukaganda mweupe kama yai. Akatikisa kichwa. Nesi akanieleza kwa Kiswahili: nilazwe, nisishuke kitandani, nisile chumvi, na kunywa iwe kidogo sana. Mtoto naye asininyonye, maana mwenyewe nilikuwa sina kitu.

Mama Nyangeta akamfunga Zena mgongoni kwa kanga yangu. "Kwetu kuna ng'ombe," alisema. "Hatalala njaa." Nilimwona Zena amegeuza kichwa kunitafuta mpaka walipopita kona ya ukuta.

Yule nesi alikuwa anaitwa Perusi, binti wa Kibara, mrefu, mwenye maneno machache. Asubuhi ya kwanza alileta jagi la bati la rangi ya bluu akaliweka juu ya kabati karibu na kichwa changu. Lilikuwa na maji, hata nusu halikufika.

"Haya ni yako mpaka kesho asubuhi," alisema.

Nilidhani anatania. Nilikuwa mtu wa ziwani. Nilipokuwa nyumbani ndoo ya maji ilikuwa inakaa pembeni nami nachota bila kufikiri.

Halafu ikaja chai. Perusi alinimiminia kikombe kidogo, nikanywa. Kisha akachukua lile jagi, akapima maji kwenye kikombe kilekile, akayamwaga dirishani.

"Mbona unamwaga maji yangu?"

"Umekunywa chai."

"Lakini chai si maji!"

"Mama Zena, unapikaga chai kwa nini? Kwa mawe?"

Na mimi ndiye muuza chai. Mchana ulikuja uji, akamwaga tena. Jioni mtu aliniletea maziwa kidogo, Perusi akamwaga maji tena. Nilimuuliza kuhusu mchuzi usio na chumvi, akasema mchuzi nao ni maji. Tikiti je? Tikiti ni maji yaliyojificha. Chungwa ni maji. Papai lina maji yake. Mpaka ile dawa ya chupa niliyokuwa nakunywa kwa kijiko niliiuliza, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema hiyo ataisamehe.

Basi siku zangu zikawa hivyo. Ikabidi nichague. Nikitaka chai asubuhi, mchana nitalia. Nikiacha uji, napata maji matupu mara kadhaa. Nilikuja kuona kwamba maji matupu kidogo kidogo ndiyo yanakwenda mbali, na chai tamu inaongeza kiu badala ya kuituliza. Perusi akanifundisha kusukutua mdomo na kutema, kujipangusa midomo kwa kitambaa kilicholoweshwa, na kushika kipande cha ndimu kwenye ulimi mpaka mate yaje. Akanibadilishia kikombe akaniletea kingine kidogo zaidi, cha watoto, ninywe kikiwa kimejaa. Nakwambia wewe unayelala huko sasa: kikombe kidogo kilichojaa kinafariji kuliko kikubwa chenye maji chini.

Kwenye kitanda cha jirani yangu alikuwepo bibi wa Nyamuswa, mwenye kidonda cha mguu. Huyo alikuwa anakunywa atakavyo, kwa kelele, na akimaliza anapumua "Haaa!" kama mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa najikuta nameza naye. Siku moja aligeuka ghafla akaiona shingo yangu ikipanda na kushuka. Tangu siku hiyo, akitaka kunywa, bibi yule alikuwa anajigeuza na mguu wake mbovu, kwa tabu, anaelekea ukutani, anakunywa kimyakimya. Ile "haaa" yake sikuisikia tena. Kama kuna mtu nitamkumbuka kwenye dua zangu maisha yangu yote ni huyo.

Mchana nilikuwa nasinzia, na usingizi wa ugonjwa ule si usingizi wa kawaida. Hauna ukingo. Nilikuwa nasikia ziwa likipiga mawe chini ya mteremko, kisha nalisikia ndani ya chumba, kisha chini ya kitanda. Nililiona likiingia dirishani bila kumwagika, limesimama kama pazia la kijani, na samaki, ningu na furu, wanapita ndani yake karibu na uso wangu. Naona kamongo, yule samaki wa matopeni, amelala kwenye matope makavu, anangoja mvua, anapumua polepole, nami napumua naye. Mara nyingine ziwa ni mimi. Nimelala nimeenea, mzito, nang'aa, na watu wadogo wanakuja ukingoni mwangu na mitungi yao, wanachota, wanaondoka, nami nataka kuwaita niwaombe kikombe kimoja lakini sina mdomo. Nikiamka naona ngozi ya tumbo langu imevutika inang'aa kweli, na jagi la bluu liko mahali pake. Nilikuwa nimejaa maji mpaka kwenye kope, na nilikuwa nakufa kwa kiu. Hicho ndicho kitu ambacho sikuweza kumweleza mtu.

Zaidi sikuweza kumweleza mama Nyangeta. Alirudi kunitazama saa za wageni, amemwacha Zena kwa mke wa kaka yangu. Alinishika midomo iliyopasuka. Kisha akatoa kwenye kikapu kibuyu cha maziwa, kilichofukizwa moshi kama wanavyofanya kwao, akatazama mlangoni.

"Nimeambiwa umekatazwa maji," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sikuleta maji. Haya ni chakula. Zena ananenepa kwa haya haya. Kunywa, mwanangu."

Nilijua Perusi angesema nini. Lakini ile harufu ya moshi na maziwa ilinifika puani, nikawa mtoto. Nilikunywa nimefumba macho. Kesho yake alikuja tena, na mimi nikanywa tena, na kile kibuyu akakisukuma chini ya kitanda.

Asubuhi iliyofuata niliamka nazama. Nilikuwa kitandani, hewa imejaa chumba kizima, lakini kifuani mwangu haikuingia. Kila pumzi ilikuwa inachemka kama sufuria. Bibi wa Nyamuswa ndiye aliyepiga kelele. Perusi akanikalisha, akaniegemeza kifuani kwake, daktari akaja na shati halijafungwa vifungo, akanichoma sindano. Sindano ile ilinipeleka mbali. Nilikuwa juu ya maji mapana, bila upepo, hakuna ng'ambo, na sauti ya Perusi ilikuwa inanifikia kutoka nchi nyingine: "Pumua. Nyingine. Nyingine tena."

Nilipoanza kuelewa mambo, Shabani alikuwa pale. Walimpelekea habari Bunda, akapanda lori la pamba juu ya magunia. Nyuzi za pamba zilikuwa bado kwenye nywele zake. Aliinama kuniwekea viatu vyangu sawa, akakiona kibuyu. Alikinusa. Akatoka nacho.

Mama Nyangeta alikuwa barazani. Niliwasikia kupitia dirisha.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni maziwa, baba. Mtoto alikuwa amekauka midomo."

"Amekatazwa! Ulitaka kumuua?"

"Mimi? Huyo nimemlea kwa maziwa. Mama yake alipokufa alikuwa mdogo kuliko Zena. Hakuna mtu aliyeniambia maziwa nayo ni maji."

"Basi sasa umeambiwa. Usirudi hapa."

Nilitaka kusema kwamba mkono uliobeba kibuyu mpaka mdomoni ulikuwa wangu. Pumzi haikutosha. Nikaona kanga yake ikipita mbele ya dirisha, haraka, kuelekea barabara ya Butiama, na hakuja kuniaga.

Baadaye nilimuuliza Perusi, "Yalikuwa ni yale maziwa?"

Alikunja shuka muda mrefu. "Labda. Labda ungefika hapo hata bila maziwa. Mimi ni nesi, Mama Zena, usinifanye hakimu."

Shabani hakurudi Bunda. Alikuja kila siku, akakaa kwenye kigoda. Yeye alimkasirikia mama yangu, mimi nilimkasirikia yeye, na wote wawili tulikuwa tunaogopa kitu kimoja.

Joto likazidi. Mawingu ya vuli yakaanza kukusanyika juu ya ziwa, yakatawanyika, yakarudi. Alasiri moja mvua ya kwanza ikapiga mabati kwa nguvu, wodi nzima ikanyamaza kusikiliza, na katika ule mngurumo nikahisi kitu nilichokuwa nimekisahau. Nikamwita Perusi aniletee beseni.

Alipoliondoa alikwenda nalo mpaka dirishani kwenye mwanga. Alisimama pale. Kisha akageuka, na yule mtu wa maneno machache akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Amekojoa! Mama Zena amekojoa! Njooni mtazame, ni safi!"

Bibi wa Nyamuswa akapiga kigelegele. Sijawahi kupigiwa kigelegele kikubwa hivyo, hata siku ya harusi yangu.

Usiniulize ilikuwa mara ngapi. Mkojo uliendelea kama mto uliopata njia. Mvua nje, mvua ndani. Miguu ikaanza kuonyesha mifupa yake, nikaitazama kama watu niliowafahamu zamani. Ngozi ya tumbo ikalegea ikakunjamana. Uso ukarudi, mwembamba, wa kizee kidogo, lakini wangu.

Na hapo maneno yakageuka. Perusi alileta jagi lile likiwa limejaa mpaka mdomoni. "Sasa kunywa," alisema. "Unatoa mengi kuliko unayoingiza. Ikifika jioni halijaisha tutagombana."

Utadhani nililirukia. Wapi! Nilikuwa nimezoea kuogopa. Nilichukua kikombe cha watoto nikanywa tone tone, nikimtazama usoni kama nitagombezwa. Shabani naye alishika amri kwa nguvu zote. Alikuwa ananipa maji matupu tu, na nilipoomba chai alikataa. "Daktari amesema maji. Hakusema chai."

"Baba Zena," Perusi akamwambia, "chai nayo ni maji. Ilikuwa maji siku ile nilipommwagia maji yake, na leo ni maji. Kama tungeihesabu wakati wa kumpunguzia tu, tungekuwa wezi."

"Na uji?"

"Nao. Na maziwa, na mchuzi. Mpe anachoweza kukimeza. Lakini maji yenyewe yasikosekane."

"Na pombe ya ulezi?" aliuliza bibi wa Nyamuswa kutoka kitandani kwake.

"Hiyo hapana, bibi. Hiyo inaingiza kidogo inatoa mengi."

Tulicheka wote, hata Shabani, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani.

Niliruhusiwa wakati watu wanapanda pamba mpya. Nyumbani Shabani alisema atamtuma mtu Butiama akamchukue mtoto.

"Nitakwenda mwenyewe," nilisema.

"Bado hujapata nguvu."

"Kule ni kwa mama yangu."

Alikanyaga cherehani yake, akashona mshono mrefu usiokuwa na sababu. Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye lori.

Zena alikuwa amenenepa, amejifunza kusimama akishika ukuta. Nilipomnyooshea mikono alijificha kwenye miguu ya mama Nyangeta akalia kwa hofu. Nilikaa chini palepale uani nikamwacha alie. Mama Nyangeta hakunisalimia kwa furaha niliyoizoea. Alinitandikia kitanda, akaniwekea mtungi wa maji yaliyochemshwa, na mlo baada ya mlo sikuona maziwa. Watoto wengine walikuwa wananyweshwa nyuma ya nyumba. Siku moja niliyaomba.

"Hapana," alisema. "Sitaki kukuua mara ya pili."

"Mama, sasa nimeambiwa ninywe. Yanahesabika."

"Mara ni maji, mara ni sumu, mara yanahesabika. Mimi sijui tena ninachokijua." Akakaa kwenye jiwe la kusagia, akajifunika uso kwa kanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona analia. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia nilikunywa kwa sababu nilitaka, na kwamba katika siku zile zote za kiu hakuna kitu kilichonipa raha kama yale maziwa ya kibuyu. Hilo lilikuwa kweli, na sikuona sababu ya kumficha.

Mvua zilikuwa zinakwenda na kurudi juu ya vilima vyenye mawe. Nililala mchana, nikaamka, nikanywa, nikaenda chooni, nikalala tena. Zena alianza kuja karibu. Kwanza alichukua bangili yangu, ambayo sasa ilikuwa inachezacheza mkononi. Halafu akaja kulala kwenye paja langu, akionekana bado hajaamua mimi ni nani.

Shabani alitokea alasiri moja, ameloa, amebeba kifurushi. Hakuingia ndani. Alisimama uani mbele ya mama Nyangeta, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilisema neno baya. Niliogopa, nikamtafuta wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu." Akafungua kifurushi. Kilikuwa na gauni la kitambaa cha maua, mikono mirefu, limeshonwa vizuri. "Sikuwa na vipimo vyako. Nilikisia."

Mama Nyangeta alilishika gauni juu ya kifua chake. "Umenikisia mnene," alisema. Kisha, bila kumtazama, "Ingia ndani, baba, unalowa."

Jioni ile tuliongea. Zena alikuwa bado anamlilia bibi yake usiku kuliko mimi, na mimi nilikuwa sijapata nguvu za kuchota wala kutwanga. Shabani ndiye aliyesema: mama aje akae nasi Musoma, hata mpaka mavuno. Alikataa mara mbili kwa heshima, mara ya tatu akaanza kuulizia lori linapita lini.

Tuliondoka tumebanana juu ya magunia ya ulezi pamoja na abiria wengine, Zena kichwa kwa bibi yake na miguu kwangu. Alfajiri nilikuwa nimekunywa chai, na uji, na maziwa, mama Nyangeta akinitazama kila funda. Hatujafika mbali nikahisi lazima nishuke. Nikagonga paa la dereva. Lori likasimama. Watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja mwenye koti la jeshi akasema hawa wanawake wangemaliza shida zao nyumbani, mvua inakuja, barabara itateleza.

Mama Nyangeta alisimama juu ya magunia na gauni lake la maua.

"Mwacheni akojoe!" alipiga kelele. "Mwacheni, hata kama ni mpaka kesho! Ninyi hamjui tulikotoka!"

Nilikuwa nimeshaingia kwenye majani marefu, nimechuchumaa, ukungu umeshuka mpaka mabegani kwangu, nasikia mkojo wangu ukipiga ardhi iliyoloa na mama yangu akigombana na lori zima. Nilicheka peke yangu mle majanini, na sikufanya haraka.